Gower: Mwanazuoni wa sheria za makampuni na somo lake kwa Rusumo

Na Mwandishi Wetu, Ngara

UKISIMAMA juu ya daraja la Rusumo, wilayani Ngara, mkoani Kagera, utaona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni malori yanayopanga foleni kuingia na kutoka Rwanda. La pili ni maji ya mto Kagera yanayoporomoka kwa kishindo, yakiwa yametoka kupokea maji ya mto Ruvubu mahali ambapo Tanzania, Rwanda na Burundi zinakaribiana.

Lipo jambo la tatu ambalo halionekani kwa macho, nalo ni makampuni. Umeme wa megawati 80 unaozalishwa hapo ni kazi ya kampuni. Malori mengi yanayovuka daraja ni mali ya makampuni. Madini ya nikeli yaliyopo Kabanga, katika wilaya hiyohiyo ya Ngara, yako chini ya kampuni, na dhahabu ya Tulawaka, wilayani Biharamulo, nayo imepitia mikononi mwa makampuni.

Hata hivyo, wananchi walio wengi hawajawahi kuelezwa kampuni ni kitu gani hasa. Ni nani anayedaiwa kampuni inaposhindwa kulipa? Mwenye asilimia 16 ya hisa ana sauti gani mbele ya mwenye asilimia 84? Mkurugenzi anamtumikia nani?

Maswali hayo ndiyo yaliyotawala maisha ya mwanazuoni mmoja wa Uingereza, Profesa Laurence Cecil Bartlett Gower, aliyefahamika kwa rafiki zake kwa jina la Jim. Ingawa alizaliwa mbali na Kagera, kazi yake iligusa Afrika kwa namna ambayo wanazuoni wachache wa fani yake waliweza kuifikia, na sehemu ya kazi hiyo ilichangia kuwapo kwa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, ambacho kimewafundisha wanasheria wengi wa nchi hii.

Kutoka ofisi ya uwakili hadi ualimu

Gower alizaliwa London mwezi Desemba 1913. Alisoma sheria katika University College London, ambako alipata shahada ya kwanza mwaka 1933 na ya uzamili mwaka uliofuata. Mwaka 1937 alisajiliwa kuwa wakili. Vita Kuu ya Pili ilipozuka aliingia jeshini, na baada ya vita alirejea katika sheria.

Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 34, aliteuliwa kuwa profesa wa sheria za biashara katika chuo cha London School of Economics. Chuo hicho kilijulikana zaidi kwa uchumi na siasa kuliko sheria, na mazingira hayo yalimfaa. Gower hakuridhika na mtindo wa zamani wa kuisoma sheria ya makampuni kifungu baada ya kifungu, kana kwamba ni orodha ya masharti ya kukariri. Yeye alitaka mwanafunzi ajue kwanza sheria ilitoka wapi, inamnufaisha nani na inamwumiza nani.

Matokeo yake yalikuwa kitabu kilichotoka mwaka 1954, Principles of Modern Company Law. Kitabu hicho kilirudiwa mara kadhaa wakati wa uhai wake, na baada yake wanazuoni wengine waliendelea kukihuisha huku jina lake likibaki katika jalada.

Katika mafundisho yake, Gower alieleza kwamba kampuni tunayoifahamu leo haikushuka kutoka mbinguni. Bunge la Uingereza liliruhusu usajili wa makampuni kwa utaratibu wa kawaida mwaka 1844, na mwaka 1855 likaongeza jambo kubwa zaidi, yaani ukomo wa dhima: mwanahisa asidaiwe zaidi ya thamani ya hisa alizoahidi kulipia. Ukomo huo ni upendeleo uliotolewa na Bunge. Kwa sababu hiyo, Bunge lina haki ya kuweka masharti.

Mtu asiye na mwili

Msingi wa sheria yote ya makampuni ni kwamba kampuni ni mtu mbele ya sheria, tofauti na walioianzisha. Kesi inayofundishwa hadi leo katika vyuo vyetu ni ya Aron Salomon, fundi na mfanyabiashara wa viatu wa London. Salomon aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Kati ya hisa 20,007, yeye alikuwa na hisa 20,001, na hisa sita zilizobaki ziligawanywa kwa mkewe na watoto wake watano, kila mmoja moja.

Kampuni ilipofilisika, mfilisi alidai kwamba kampuni ile ilikuwa kivuli tu cha Salomon, hivyo alipe madeni kutoka mfukoni mwake. Mahakama za chini zilikubaliana na hoja hiyo. Lakini Novemba 1896, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliyokuwa ndani ya Baraza la Malodi, iliipinga: kampuni ikishasajiliwa kwa kufuata sheria ni mtu kamili, na madeni yake ni yake.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Ndugu wawili wa Benaco wananunua lori na kuanza kubeba mchele kwenda Kigali. Wakifanya biashara kwa majina yao na lori likasababisha hasara kubwa, mdai anaweza kufuata mali zao zote, pamoja na nyumba na shamba la migomba. Wakisajili kampuni yenye dhima yenye ukomo kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, mdai wa kampuni anaishia kwenye mali za kampuni.

Kinga hiyo ina mipaka. Benki inapokopesha kampuni ndogo huwataka wakurugenzi wasaini dhamana binafsi, na mara nyingi huweka rehani nyumba zao. Anayesaini dhamana hiyo ameiondoa kwa mkono wake ile kinga ambayo sheria ilimpa. Aidha, mahakama inaweza kulifunua pazia la kampuni pale inapothibitika kwamba kampuni ilitumiwa kufanya udanganyifu au kukwepa wajibu wa kisheria.

Wito wa Ghana

Mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Ghana kupata uhuru, serikali ya Dk. Kwame Nkrumah ilimteua Gower kuchunguza sheria ya makampuni ya nchi hiyo na kupendekeza mpya. Ghana ilikuwa ikitumia sheria ya kikoloni iliyonakiliwa kutoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kuiacha nyuma.

Njia rahisi ingekuwa kunakili sheria ya Uingereza ya mwaka 1948, kama yalivyofanya makoloni mengi. Gower alikataa njia hiyo. Ripoti yake ya mwisho ilitoka mwaka 1961 ikiwa na rasimu ya sheria pamoja na maelezo ya kila kipengele, ili mfanyabiashara na hakimu wajue kusudio lake. Rasimu hiyo ilizaa Kanuni ya Makampuni ya Ghana ya mwaka 1963.

Yapo mambo manne yanayoonyesha ujasiri wa kazi hiyo.

Kwanza, mtu mmoja aliruhusiwa kuanzisha kampuni peke yake, badala ya kulazimika kutafuta majina ya ndugu na marafiki wa kujazia fomu. Uingereza iliruhusu jambo hilo kwa makampuni binafsi mwaka 1992, takribani miaka 30 baadaye.

Pili, hati mbili za kampuni zilizokuwa zikiwachanganya watu ziliunganishwa kuwa katiba moja.

Tatu, Gower aliua nguvu ya kanuni iliyosema kwamba mkataba ulio nje ya malengo ya kampuni ni batili. Kwa kanuni hiyo ya zamani, mfanyabiashara aliyeiuzia kampuni bidhaa kwa nia njema angeweza kuambiwa kuwa hana madai kwa sababu katiba ya kampuni haikutaja biashara ile. Mzigo wa kosa la kampuni ulimwangukia mtu wa nje ambaye hakuwahi kuiona katiba hiyo.

Nne, wajibu wa wakurugenzi uliandikwa waziwazi ndani ya sheria: uaminifu, uangalifu na kutojinufaisha kwa siri. Kabla ya hapo wajibu huo ulitawanyika katika hukumu nyingi ambazo mkurugenzi wa kawaida hakuwa na uwezo wa kuzisoma. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2006.

Sheria hiyo ya Ghana ilidumu hadi mwaka 2019, ilipotungwa sheria mpya. Miaka 56 si umri mdogo kwa sheria ya biashara, hasa katika nchi iliyopitia mapinduzi kadhaa ya kijeshi.

Njia iliyofika Dar es Salaam

Wakati Gower akiandika rasimu ya Ghana, Afrika Mashariki ilikuwa na tatizo jingine. Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alilazimika kwenda Ulaya au mbali zaidi, kwa gharama ambayo familia chache ziliimudu, na alichofundishwa huko kilihusu maisha ya London kuliko ya Ngara au Kisumu.

Mwaka 1960 serikali ya Uingereza iliunda kamati kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, chini ya uenyekiti wa Jaji Denning. Gower alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Kamati ilipendekeza kwamba wanasheria wa Afrika Mashariki wafundishwe katika ardhi yao, na kwamba kitivo cha sheria kiwe Dar es Salaam.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kitivo hicho kilifungua milango katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kundi dogo la wanafunzi. Hicho ndicho kilichokuwa chanzo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa kilihudumia pia Kenya na Uganda.

Gower mwenyewe alielekea Nigeria. Kati ya mwaka 1962 na 1965 alikuwa mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Lagos, na pia mshauri wa elimu ya sheria. Uzoefu huo aliuweka katika kitabu kuhusu changamoto za taaluma ya sheria katika Afrika huru, kilichochapishwa mwaka 1967.

Aliporejea Uingereza alikuwa miongoni mwa makamishna wa kwanza wa Tume ya Sheria, kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Southampton hadi 1979.

Rusumo kama darasa

Sasa turudi mtoni. Wazo la kuzalisha umeme katika maporomoko ya Rusumo ni la miaka mingi. Agosti 24, 1977, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini hapohapo Rusumo mkataba wa kuanzisha Shirika la Bonde la Mto Kagera. Uganda ilijiunga mwaka 1981. Umeme wa Rusumo ulikuwa miongoni mwa mipango yake.

Shirika hilo lilivunjwa mwaka 2004 bila mtambo kujengwa. Katikati ya miaka hiyo eneo lilipita katika msukosuko mkubwa, na wakazi wa Ngara hawajasahau mwisho wa Aprili 1994, wakati wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24.

Mpango ulipofufuliwa, nchi tatu zilichagua chombo cha aina nyingine. Baada ya makubaliano ya mwaka 2012, ziliunda kampuni, Rusumo Power Company Limited, ambayo serikali hizo tatu zinaimiliki kwa hisa sawa. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha Dola za Marekani milioni 340 kwa ajili ya mtambo. Ujenzi ulianza mwaka 2017 na uzalishaji ukaanza mwaka 2023. Umeme unagawanywa kwa mafungu matatu yanayolingana, takribani megawati 26.6 kwa kila nchi, na wa Tanzania unasafirishwa hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kuingia katika gridi ya Taifa.

Haitakuwa haki kusema kampuni ilifaulu kwa sababu tu ni kampuni. Amani na fedha za kujengea vilipatikana kwa namna ambayo havikuwapo hapo awali. Hata hivyo, muundo huo una faida zake. Kampuni inaweza kumiliki mali kwa jina lake, kuingia mikataba, kudai na kudaiwa, na kuuza umeme kwa mashirika ya nchi tatu bila kusubiri marais wakutane kila mara.

Una maswali yake pia. Kwa kuwa kila serikali ina theluthi moja, hakuna mwenye wingi wa kura peke yake, na katika maamuzi ya kawaida wawili wakikubaliana wanaweza kumwacha wa tatu kando, isipokuwa makubaliano ya wanahisa yawe yameweka mambo ambayo ni lazima wote wayaafiki. Wajumbe wa bodi hupendekezwa na serikali zao, lakini kwa misingi ya sheria ya makampuni, mjumbe akishaketi mezani anapaswa kutazama maslahi ya kampuni nzima, si ya aliyemteua. Huo ndio mtihani ambao Gower aliuona mapema kwa makampuni yenye wanahisa wakubwa wachache.

Asilimia 16 ya Kabanga

Mfano wa pili uko Kabanga. Mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yaliipa Serikali haki ya kupata angalau asilimia 16 ya hisa katika kampuni za uchimbaji mkubwa na wa kati, bila kuzilipia, na bila hisa hizo kupunguzwa nguvu pale mtaji unapoongezwa. Januari 2021 Serikali iliingia makubaliano na Kabanga Nickel Limited, na kwa msingi huo ikawapo kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina asilimia 16 na mwenzake asilimia 84.

Lakini mwenye asilimia 84 naye ni kampuni, na kampuni hiyo ina wenyewe. Juu yake iko Lifezone Metals, iliyosajiliwa katika kisiwa cha Man na ambayo hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la New York Julai 2023. Kampuni ya BHP nayo iliwahi kuwa na hisa katika Kabanga Nickel, kabla ya Lifezone kuzichukua mwaka 2025.

Hapa ndipo kesi ya Salomon inapogusa maisha ya mtu wa kijijini. Kila ngazi katika mnyororo huo ni mtu tofauti mbele ya sheria. Mwananchi anayesaini karatasi ya fidia ya shamba, au mzabuni anayesaini mkataba wa kulisha kambi ya wafanyakazi, anadai kwa kampuni ambayo jina lake limeandikwa katika karatasi ile. Hawezi kuivuka kirahisi na kwenda kudai kwa kampuni mama iliyo ng'ambo, hata kama ndiyo yenye fedha. Swali la kwanza kabla ya kuweka saini ni hili: ni kampuni ipi hasa inayoahidi kulipa?

Kuhusu Serikali, asilimia 16 haitoshi kuamua peke yake katika mkutano wa wanahisa. Nguvu yake inatokana na sheria ya madini, makubaliano ya wanahisa, wajumbe wake katika bodi na haki ya kupata taarifa. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 nayo inampa mwanahisa mchache njia ya kwenda mahakamani iwapo kampuni inaendeshwa kwa namna inayomwonea.

Kwa upande wa Biharamulo, mgodi wa Tulawaka ulioendeshwa na kampuni ya Barrick kuanzia mwaka 2005 ulihamishiwa serikalini mwaka 2013, ukawekwa chini ya Stamigold, kampuni tanzu ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Serikali haikuuendesha kama idara ya wizara, bali ilichagua vazi la kampuni, pamoja na wajibu wote unaofuatana nalo.

Sheria yetu imefika wapi?

Tanzania Bara ilibaki na sheria ya kikoloni, Sura ya 212, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1929, hadi mwaka 2006. Sheria ya Makampuni iliyopitishwa mwaka 2002 ilianza kutumika Machi 1, 2006. Iliandika wajibu wa wakurugenzi wa kutenda kwa nia njema na kwa uangalifu, ikalegeza ile kanuni ya mikataba iliyo nje ya malengo, na ikawataka wakurugenzi wazingatie pia maslahi ya wafanyakazi.

Hilo la mwisho lingempendeza Gower. Aliwahi kueleza kwamba sheria ya jadi iliwatazama wanahisa peke yao na kuwasahau wafanyakazi, ingawa katika hali halisi wafanyakazi ndio wanaoishi ndani ya kampuni kuliko mtu aliyenunua hisa na kwenda zake.

Mwaka 2020 sheria ilirekebishwa tena ili kampuni zimtaje kwa msajili mmiliki halisi, yaani binadamu anayenufaika au anayeamua nyuma ya majina yaliyoandikwa. Ni hatua ya kulitoboa pazia kabla ya madhara kutokea, badala ya kusubiri mahakama ilifunue baadaye.

Kazi kubwa ya mwisho ya Gower ilihusu jambo ambalo Watanzania walilionja kwa uchungu. Mwaka 1981 serikali ya Uingereza ilimtaka achunguze namna ya kuwalinda wawekezaji baada ya kampuni za uwekezaji kuanguka na fedha za watu. Ripoti yake ya mwaka 1984 ilizaa sheria ya huduma za fedha ya mwaka 1986. Msimamo wake ulikuwa wa wastani: sheria haiwezi kumzuia kila mtu kupoteza fedha, lakini ni lazima imlinde mtu mwenye busara ya kawaida asifanywe mjinga.

Waliopanga foleni kupanda mbegu za fedha katika DECI, kabla Serikali haijaisimamisha mwaka 2009, wanafahamu maana ya maneno hayo. Cheti cha usajili hakisemi kwamba kampuni ni tajiri wala aminifu. Kinasema tu kwamba imezaliwa kisheria. Kuchukua amana kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na kuuza hisa kwa umma kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Gower alifariki dunia Desemba 25, 1997, siku chache kabla ya kutimiza miaka 84. Hakuacha kampuni wala mgodi. Alichoacha ni mazoea ya kuuliza: nani anamiliki, nani anaamua, nani atalipa mambo yakiharibika?

Maswali hayo matatu hayahitaji shahada ya sheria. Mwenye lori pale mpakani anaweza kuyauliza kabla ya kusaini dhamana ya benki. Mwenye shamba Kabanga anaweza kuyauliza kabla ya kusaini fidia. Na wawakilishi wa nchi tatu wanaoketi katika bodi ya umeme wa Rusumo wanapaswa kuyauliza kila wanapofungua kikao, kwa kuwa maji wanayoyasimamia yanashuka kwa niaba ya wananchi wa pande zote za mto.